Anayeondoka Ndiye Anayesikika

Saa nane za usiku, Coimbra. Mvua ya Februari
inachapa vigae. Mimi, Belmira Quaresma,
niko na mrija wangu wa shaba, mrefu kama mkono hadi kiwiko,
na ndani yake waya mmoja uliopakwa dhahabu,
mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Niliuvuta mwenyewe. Nilipoufunga nilizuia pumzi.

Nimeujaza arigoni na methani kidogo,
nimeupa volti elfu moja na mia nane.
Sasa nasubiri hodi.

Eksirei inatoka kwenye kipande cha chuma
kidogo kuliko kifungo cha shati.
Inaigonga atomi. Elektroni zinabanduka,
mia mbili na ishirini na ushei,
na nyuma ya kila moja inabaki ioni,
nyumba iliyokimbiwa.

Nyingine hujuta hapo hapo.
Hugeuka, hushikana na ioni, huwa atomi tena,
nzima, kimya.
Waliorudiana hawaandikwi popote.
Mashine yangu haina safu ya suluhu.

Zilizobaki zinasafiri kwa kuyumbayumba,
zikipiga kumbo kila aliye njiani,
mpaka karibu kabisa na waya, pasipobaki
hata unene wa karatasi,
ndipo mteremko unapokuwa mkali
na moja inazaa mbili, mbili nne, nne
poromoko
lililokwisha kabla sijamaliza kulitamka.

Nilipoanza kazi hapa nilidhani sauti ni ya kufika:
elektroni zinatua, waya unalia.
Daktari Evaristo alicheka, bila dharau,
akachora ubaoni kwa kipande cha chaki.
Nyingi zimezaliwa mlangoni pa waya, alisema,
safari yao ni fupi mno kuwa na habari.
Tunachosikia ni ioni, zile nzito,
zikiuacha waya na kurudi ukutani,
na kila hatua ya kwenda mbali
ndiyo inayoipandisha ishara.
"Anayeondoka ndiye anayesikika, Belmira."
Akafuta ubao, akaenda kunywa kahawa.
Mimi usingizi ulinipaa siku mbili.

Lakini tangu jioni kilima kwenye kioo kinashuka.
Mia sita. Mia tano na themanini. Na hamsini.
Kuna mwizi, na namjua:
oksijeni, huyu huyu ninayemvuta sasa hivi kifuani.
Humdaka elektroni njiani na hamwachii,
na elektroni iliyobebeshwa mzigo ule
hufika imechelewa, kama haikuitwa.
Wachache tu katika milioni wanatosha.

Nachukua sabuni ya vyombo na brashi,
napaka kiungio baada ya kiungio.
Chini, kwenye pete ya mpira,
povu moja linavimba, linanitazama.

Baba alichimba urani milima ya Beira.
Msimamizi aliteremsha kaunta shimoni:
ti. Ti, ti. "Kidogo tu," akasema,
wakarudi kwenye sururu.
Hakuna aliyewaambia kwamba mrija ule
ulikuwa na ukuta wa kioo kinene,
kwamba alfa huishia kwenye kioo
kabla ya kuigusa gesi,
na kifua cha mtu hakina kioo.
Miaka kumi na tisa ya ti, ti.
Kaunta haikusema uongo. Haikusikia.

Nabadilisha pete. Nasukuma gesi mpya ndani,
nanawa povu mikononi, nakaa.
Kilima kinapanda taratibu: mia tano na tisini,
tisini na saba, kisha kinagoma.
Hakirudi mia sita. Napiga mrija kwa ukucha,
kama mjinga, na bado hakirudi.

Naandika daftarini kwa wino:
pete imebadilishwa, saa kumi kasoro robo.
Mstari wa juu yake, kuanzia jioni,
nauacha na tarakimu zake pungufu.
Sizirekebishi.